Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, Arusha: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hutoka kwa watu wa namna tatu: mashabiki wanaomfuata Simba au Yanga akija kucheza kaskazini, wageni wenye nusu siku mjini kabla ya kuelekea mbugani, na wenyeji wa Arusha ambao wamepita kando ya ukuta wa uwanja huu maisha yao yote bila kujua jina lake limetoka kwa nani. Mengine yana jibu la mstari mmoja. Mengine yanahitaji kuvuta kiti.

Uwanja uko wapi hasa?

Katikati ya jiji, jirani kabisa na stendi kuu ya mabasi. Ukishuka stendi huhitaji bodaboda wala bajaji. Uliza "Sheikh Amri" na yeyote atakuonyesha kwa kidole, maana jina lote hapa halitajwi na mtu isipokuwa mtangazaji wa redio. Usitafute jengo refu linaloonekana kwa mbali. Maduka na pilikapilika za stendi zimeuzunguka uwanja kiasi kwamba mgeni anaweza kuupita akidhani ni ukuta wa ghala.

Sheikh Amri Abeid alikuwa nani? Mchezaji?

Hapana. Alikuwa mshairi, mhubiri na mwanasiasa, na ndani ya maisha mafupi alifanya mengi kuliko wengi waliozeeka.

Jina lake kamili ni Kaluta Amri Abedi. Utaliona limeandikwa Abedi kwenye vitabu na Abeid kwenye uwanja; mtu ni yule yule. Alizaliwa Ujiji, Kigoma, mwaka 1924, akasoma Tabora, akawa mubalighi wa Jumuiya ya Waislamu wa Ahmadiyya. Katikati ya miaka ya 1950 alikwenda Rabwah, Pakistan, kuongeza elimu ya dini. Aliporudi nchi ilikuwa imechangamka, TANU inapamba moto, naye akaingia humo.

Mwaka 1960 akawa Mwafrika wa kwanza kuwa meya wa Dar es Salaam. Baada ya Uhuru alishika ukuu wa mkoa, kisha akawa Waziri wa Sheria, na baadaye Waziri wa Maendeleo ya Jamii na Utamaduni wa Taifa. Alikuwa miongoni mwa viongozi waliosukuma Kiswahili kiingie kwenye shughuli nzito za serikali, sheria zikiwemo, wakati ambapo wasomi wengi waliamini lugha hii inatosha kwa soko na nyimbo tu. Alifariki Oktoba 1964 akiwa Ujerumani Magharibi. Alikuwa na miaka 40.

Aliyesoma fasihi ya Kiswahili sekondari amekutana naye hata kama hakumbuki. Kitabu chake, *Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri*, kilitoka mwaka 1954 na kikaweka pamoja kanuni ambazo washairi walikuwa wakirithishana kwa sikio: vina, mizani, utoshelevu wa ubeti, namna ya kuhitimisha. Ugomvi wa miaka iliyofuata kati ya washairi wa kimapokeo na wale wa mashairi huru ulikuwa, kwa sehemu kubwa, ugomvi na kitabu hicho. Kwa hiyo mashabiki wa Arusha wanapopaza sauti kumtukana mwamuzi, wanafanya hivyo ndani ya uwanja wa mtu aliyeandika sheria za kutumia maneno kwa mpangilio. Sidhani angekasirika sana. Malenga nao walijua kurushiana.

Basi alikuwa mwenyeji wa Arusha?

Wala. Ni mtu wa Ujiji. Lakini Mbeya wana uwanja wa Sokoine, ambaye ni mtoto wa Monduli, kilomita chache kutoka hapa kwetu, na hakuna Mnyakyusa anayelalamika. Viwanja vyetu vilipewa majina ya viongozi wa taifa bila kujali kabila wala mkoa.

Nani anaumiliki?

Chama Cha Mapinduzi. Halmashauri ya jiji haina umiliki, wala TFF, shirikisho la mpira wa miguu nchini. Jambo hili huwashangaza wageni, hasa Wakenya, lakini Tanzania ni la kawaida: CCM Kirumba wa Mwanza, Sokoine wa Mbeya, Ali Hassan Mwinyi wa Tabora, vyote viko mikononi mwa chama. Sababu yake ni historia. Enzi za chama kimoja, chama na serikali vilikuwa vitu ambavyo mwananchi wa kawaida hakuwa na haja ya kuvitenganisha. Viwanja vilijengwa mikoani kwa michango na nguvu za watu chini ya uongozi wa chama, na mfumo wa vyama vingi uliporudi mwaka 1992, chama kikabaki navyo.

Mjadala wa kama vibaki hivyo au vikabidhiwe serikali hauishi. Huwa unaibuka kila nyasi zinapokauka au kila Bodi ya Ligi inapoufungia uwanja fulani kwa sababu ya ubovu wa eneo la kuchezea au vyumba vya kubadilishia nguo. Mimi nina upande wangu, lakini ukurasa huu si wa hilo. Kwako mgeni, la kujua ni moja: ukitaka ruhusa ya chochote, mlango wa kubisha ni ofisi ya meneja wa uwanja. Ukienda ofisi za jiji utarudishwa.

Unaingiza watu wangapi?

Takriban 20,000. Ili upate picha, Mkapa wa Dar es Salaam unachukua 60,000. Usitarajie kila mtu kuwa na kiti: kuna jukwaa kuu lenye paa, na sehemu kubwa iliyobaki ni ngazi za zege chini ya mbingu.

Timu gani zinautumia kama nyumbani?

Hili ndilo swali linalotuuma. Arusha ni jiji kubwa lenye watu wanaopenda mpira, lakini kwa miaka mingi limekaa bila timu ya kudumu Ligi Kuu. Wazee watakutajia Ndovu na Pallsons, na sura zao zitabadilika wakitaja. Baadaye tulikuwa na AFC Arusha. Kisha JKT Oljoro, timu ya jeshi kutoka kambi ya Oljoro, ikapanda msimu wa 2011/12 na kudumu misimu mitatu kabla ya kushuka mwaka 2014. Tangu hapo tumekuwa watu wa Championship, ligi ya pili kwa ukubwa nchini, ambako majina ya kwetu ni Mbuni FC na TMA Stars.

Katikati ya ukame huo tumekuwa tukipokea timu za wenzetu. Uwanja wa Mkwakwani wa Tanga ulipokuwa hautumiki msimu wa 2024/25, Coastal Union walihamishia baadhi ya mechi zao za nyumbani hapa. Ilikuwa kichekesho kidogo: Wagosi wa Kaya wako "nyumbani" kilomita mia kadhaa kutoka baharini, na uwanja mzima umejaa jezi za mgeni. Machi 1, 2025 Simba waliwafunga hapa 3-0, mabao yote yakiwa ya Steven Mukwala, na kwa zile shangwe usingejua nani ndiye mwenyeji.

Ushauri wangu, ambao wengi hawaufuati: usisubiri Simba na Yanga. Njoo kwenye mechi ya Championship, siku ambayo hakuna foleni, kiingilio ni kidogo, unasikia kocha anavyomfokea beki wake, na waliokaa karibu yako wanamjua kila mchezaji kwa jina la mtaani. Hapo ndipo utajua mpira wa Arusha ukoje.

Ni mechi gani kubwa zilizowahi kuchezwa hapa?

Kila mtu atakupa orodha yake kufuatana na umri wake. Kwa miaka ya karibuni, mbili hazina ubishi, na zote ni fainali za Kombe la Shirikisho la TFF.

Ya kwanza ni ya Juni 2, 2018. Mtibwa Sugar na Singida United, timu mbili zisizo na mashabiki wengi Arusha, na katika fainali ambayo kwa mara moja haikuwa na Simba wala Yanga. Mtibwa walishinda 3-2. Wakata Miwa wa Turiani walikuwa hawajashika kombe kubwa tangu walipochukua ubingwa wa ligi mfululizo mwaka 1999 na 2000, na waliokuwa wachezaji enzi zile walishakuwa makocha. Ushindi huo uliwapa pia tiketi ya Afrika.

Ya pili ni ya Julai 2, 2022, na hii ukiitaja kijiweni hapa Arusha kaa chini kwanza, haiishi haraka. Yanga walikuja wakiwa mabingwa wa ligi ambao hawakupoteza hata mchezo mmoja msimu mzima, chini ya Nasreddine Nabi. Coastal Union walikuja na Juma Mgunda kwenye benchi, na kijana anayeitwa Abdul Suleiman, Sopu kwa jina la uwanjani. Wengi tulidhani ni suala la kuhesabu mabao ya Yanga. Sopu akafunga matatu. Peke yake, kwenye fainali, dhidi ya timu isiyofungika. Dakika tisini zikaisha 2-2, za nyongeza zikaisha 3-3, na kila Yanga walipodhani wamemaliza kazi, au Coastal walipodhani wameandika historia, mpira ukakataa. Penalti ndizo ziliamua, Yanga wakashinda 4-1.

Yaliyofuata yanaonyesha uzito wa siku ile. Sopu akasajiliwa na Azam. Mgunda, miezi michache baadaye, akakabidhiwa Simba. Yanga wakabeba kombe, lakini ukimuuliza mtu aliyekuwepo uwanjani anakumbuka nini, mara nyingi ataanza na jina la aliyepoteza.

Mbali na mpira, uwanja unatumika kwa nini?

Kwa karibu kila kitu kinachohitaji watu kukaa mahali pamoja. Arusha haina uwanja mwingine wa katikati ya mji wenye nafasi hii, kwa hiyo sherehe za kitaifa zikija mkoani, mikutano ya dini, matamasha, maonyesho, vyote hupita hapa. Sherehe za kitaifa za Mei Mosi mwaka 2024 zilifanyika hapa, na mwaka uliofuata, Machi 8, 2025, Siku ya Wanawake Duniani kitaifa, Rais Samia Suluhu Hassan akiwa mgeni rasmi.

Lakini kuna siku moja ambayo mtu wa Arusha hawezi kuzungumza juu ya uwanja huu akairuka. Mei 6, 2017 basi lililobeba wanafunzi wa Shule ya Msingi Lucky Vincent, waliokuwa safarini kwenda kufanya mtihani wa majaribio na wenzao, lilitumbukia korongoni eneo la Rhotia, Karatu. Walikufa wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Mei 8 majeneza yaliletwa hapa, yakapangwa, na jiji likaja kuaga. Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, ndiye aliyeongoza. Waliokuwepo hawapendi kusimulia sana. Ukikaa ngazini siku ya mechi na mzee wa karibu yako akanyamaza ghafla akitazama katikati ya uwanja, usimhoji.

Huu ndio uwanja utakaotumika AFCON 2027?

Hapana, na swali hili tunaliombea liishe. Tanzania, Kenya na Uganda walipewa uenyeji wa AFCON 2027 Septemba 2023. Kwa ajili ya michuano hiyo serikali iliamua kujenga uwanja mpya Arusha, kata ya Olmoti, nje ya katikati ya jiji, wa kuchukua watu wapatao 30,000. Unaitwa Uwanja wa Samia Suluhu Hassan. Sheikh Amri una njia ya riadha kuzunguka eneo la kuchezea, ngazi za zege, na mji umeubana kila upande. Kuufikisha kwenye viwango vya CAF kungekuwa ni kuubomoa na kuanza upya.

Ukiwa na tiketi ya AFCON, usimwambie dereva wa kifodi, daladala ndogo za hapa, "nishushe uwanjani" bila kutaja Olmoti. Atakushusha Sheikh Amri, na hatakuwa amekosea.

Naweza kuingia kuutazama siku isiyo na mechi?

Mara nyingi, ndiyo, ukiomba. Usitarajie dirisha la tiketi za utalii, mwongozaji mwenye kipaza sauti, wala chumba cha makombe. Mtu wa kuzungumza naye ni mlinzi wa getini, naye atakuelekeza ofisi ya meneja. Salimia vizuri kwanza. "Shikamoo mzee" kwa mlinzi mwenye umri, "habari za kazi" kwa aliye rika lako. Eleza kwa kifupi unataka kuona nini na utakaa muda gani. Anayeingia na "nataka kuona uwanja" bila salamu, huku ameshika simu tayari kupiga picha, huambiwa uwanja umefungwa hata kama lango liko wazi nyuma yake.

Asubuhi ndiyo saa nzuri. Mawingu yakiwa hayajashuka, ukipanda ngazi za juu utauona Mlima Meru ukiwa umesimama juu ya mji, na chini utakuta timu za vijana au za taasisi zikifanya mazoezi. Mchana jua ni kali na hakuna kivuli nje ya jukwaa kuu.

Kama kuna tukio linaandaliwa, hasa lenye kiongozi mkubwa, rudi siku nyingine. Ulinzi siku hizo haubembelezeki.

Tiketi napata wapi, na nikate ya jukwaa au ya mzunguko?

Mechi za Championship unanunua pale pale mlangoni. Mechi za Simba na Yanga, fuatilia matangazo ya klabu mwenyeji na ya Bodi ya Ligi kwenye kurasa zao kwa sababu utaratibu na vituo vya kuuzia hubadilika kutoka mechi hadi mechi. Nunua mapema na kwenye vituo vilivyotangazwa. Walanguzi huanza kuzunguka stendi tangu asubuhi, na kati ya tiketi wanazouza zipo ambazo hazijawahi kuonana na mashine iliyotakiwa kuzichapa.

Kuhusu pa kukaa: ukiwa na mtoto mdogo, mzazi mzee, au nguo usizotaka zichafuke, kata jukwaa kuu. Ukitaka mechi yenyewe, kata mzunguko, yaani zile ngazi za zege zisizo na paa. Ngoma, nyimbo, mabishano, mtu anayechambua mfumo wa 4-3-3 kuliko kocha aliyelipwa kuupanga, vyote viko mzunguko. Njoo na gazeti au kipande cha boksi cha kukalia. Zege la Arusha ni la baridi Julai na la moto Februari.

Nifike saa ngapi?

Mechi nyingi huanza saa kumi jioni au karibu na hapo. Kwa Championship, nusu saa kabla inatosha. Kwa Simba au Yanga, fika saa saba. Wapo wanaofika asubuhi. Msongamano hauko barabarani tu, uko getini, ambako ukaguzi huenda polepole na kila mtu anaamini yeye ndiye anayechelewa zaidi.

Hali ya hewa ikoje?

Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na watu wa Dar huja na fulana wakaondoka na mafua. Juni hadi Agosti beba koti au sweta, jua likizama unaliona pengo. Machi hadi Mei ni masika, na mzunguko hauna paa, hivyo beba koti la mvua kwa sababu mwavuli utamkera aliye nyuma yako, naye atakwambia. Novemba na Desemba kuna vuli, mvua za kupita.

Mvua nzito ikinyesha siku mbili mfululizo kabla ya mechi, eneo la kuchezea huwa zito na pasi fupi zinakufa njiani. Ukiweka utabiri wa matokeo na marafiki, lizingatie hilo.

Nafikaje nikitokea Moshi, KIA au Dar es Salaam?

Moshi ni karibu: kilomita 80 hivi. Kosta na Noah hutoka stendi ya Moshi siku nzima, kupitia Boma Ng'ombe, Usa River na Tengeru, na kwa kawaida safari huchukua saa moja na nusu hadi mbili, kutegemea dereva anajaza abiria njiani kiasi gani. Kurudi usiku baada ya mechi ndiko kwenye tabu, magari hupungua. Panga usafiri wa kurudi kabla hujaingia uwanjani.

Uwanja wa ndege wa Kilimanjaro uko kilomita 50 hivi, kati ya miji hii miwili. Ule mdogo wa Arusha, Kisongo, uko karibu zaidi, upande wa barabara ya Dodoma.

Kutoka Dar es Salaam kwa basi ni safari ya siku nzima, zaidi ya kilomita 600. Mashabiki wanaokuja na Kosta za matawi husafiri usiku kucha na kufika alfajiri wakiwa wamepoteza sauti kabla mechi haijaanza.

Ndani ya jiji, vifodi vinavyokwenda Kilombero au stendi vinakushusha umbali wa kutembea. Siku ya mechi kubwa usije na gari binafsi hadi uwanjani. Liache hotelini au kwa ndugu, kisha panda toyo, ndivyo tunavyoita bodaboda.

Ni salama kwa watoto na akina mama?

Mechi za kawaida, ndiyo, na utawakuta wengi. Kwenye mechi kubwa hatari haitoki kwa mashabiki wa timu pinzani, ambao hapa hukaa wakitaniana na kununuliana karanga. Hatari ni msukumano wa getini wakati wa kuingia na kutoka. Mtoto mshike mkono, au mbebe. Subiri dakika kumi baada ya filimbi ya mwisho kabla ya kushuka.

Wezi wa simu wapo, kama ilivyo mahali popote penye stendi. Simu iwe mfuko wa mbele, na usiitoe kupiga picha ukiwa katikati ya msongamano wa nje.

Chakula?

Nje ya uwanja utapata mahindi ya kuchoma, karanga, miwa, mishikaki na kahawa ya kikombe kidogo. Ndani huwa ni karanga, maji na soda. Ukitaka kukaa ule, nenda migahawa ya mtaani kuzunguka stendi na soko kuu: ndizi nyama, makande, wali maharage, na ukibahatika loshoro, mahindi na maziwa mgando ya Kiarusha ambayo yatakushikilia hadi kesho yake.

Naruhusiwa kupiga picha?

Kwa simu, ukiwa shabiki, hakuna tatizo. Kamera kubwa za kazi zinahitaji kibali cha waandaaji. Droni usije nayo kabisa bila vibali vya mamlaka husika. Na usimpige picha askari.

Naweza kukimbia kwenye ile njia ya riadha?

Omba ruhusa, njoo alfajiri, na usishangae ukipitwa. Mkoa huu na majirani zake wa Manyara na Singida ndio mgodi wa wakimbiaji wa Tanzania. Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 mwaka 1974 huko Christchurch kwa dakika 3 na sekunde 32.2, ni mtoto wa Karatu. Alphonce Simbu, aliyeshinda marathoni ya ubingwa wa dunia Tokyo mwaka 2025 na kuwa Mtanzania wa kwanza kutwaa dhahabu kwenye mashindano hayo, hufanya mazoezi Arusha. Wakimbiaji wengi wa mbali hupendelea barabara za vumbi za mwinuko kuliko kuzunguka uwanjani. Lakini kijana mwembamba utakayemkuta akizunguka saa kumi na mbili asubuhi na raba zilizochakaa, usimwambie mshindane.

Nina nusu siku. Kuna nini kingine karibu?

Kwa miguu, dakika chache, unafika mzunguko wa Mnara wa Mwenge, na pembeni yake Makumbusho ya Azimio la Arusha. Ni hapo Halmashauri Kuu ya TANU ilipokutana Januari 1967, na Februari 5 mwaka huo Azimio likatangazwa. Makumbusho ni madogo, saa moja inatosha, na picha zake za zamani zinakwenda vizuri na uwanja uliopewa jina la waziri wa serikali ile ile ya mwanzo.

Ukiendelea, kuna Boma la Wajerumani, lililojengwa mwaka 1900, ambalo sasa ni Makumbusho ya Historia ya Viumbe, na Mnara wa Saa. Vyote unavizungukia bila gari.

Nikiwa Moshi, kuna uwanja wa kuona?

Upo: Ushirika, ndani ya Chuo Kikuu cha Ushirika. Polisi Tanzania waliutumia walipokuwa Ligi Kuu kuanzia 2019 hadi 2023, na ndipo Kilimanjaro Marathon huanzia na kuishia. Jina linaeleza mji wenyewe: chuo kilianzishwa mwaka 1963, na nyuma yake kuna historia ndefu ya wakulima wa kahawa wa Kichaga na chama chao cha KNCU cha mwaka 1933. Ni uwanja mdogo kuliko Sheikh Amri, wenye utulivu zaidi, na siku isiyo na mawingu Kibo iko mbele yako. Mtu wa Moshi atakwambia hiyo inatosha kuufanya bora kuliko wetu. Mwache aamini hivyo.

Nimekata tiketi, kisha mechi ikahamishwa au kusogezwa. Nifanyeje?

Hutokea, hasa timu ikiwa na mechi za kimataifa au uwanja ukihitajika kwa shughuli nyingine. Weka tiketi yako, usiitupe, kisha angalia tangazo la Bodi ya Ligi kama itatumika tarehe mpya. Kama mechi imehamia mkoa mwingine, rudi pale uliponunua mapema, kabla mauzo hayajafungwa mahesabu. Na kabla ya kupanda basi kutoka mbali, piga simu kwa mtu aliyeko Arusha siku ile ile asubuhi. Ratiba iliyobandikwa mwezi uliopita si ya kuaminiwa.